Chumba cha Chini, Iyumbu

Dar es Salaam, 7 Machi 2022

Kwa Ursula Ndahani, Mgogo, mtoza hongo na mla mlenda,

Usishangae kupata karatasi. Mimi ndiye ninayesimamisha minara ya simu kutoka Mpwapwa mpaka Manyoni, kwa hiyo najua maneno yanapita wapi na nani anayasikiliza. Mambo yangu ya maana nayaandika kwa kalamu, na dereva wangu Ernest anayafikisha mkononi.

Serikali imehamia kwenu, na mimi nahamia. Nataka uchore makao makuu ya Kapela Mawasiliano, kiwanja kiko Iyumbu. Vioo sitaki, kila mwenye hela siku hizi anajenga kabati la vioo. Nataka mawe ya huko huko. Ghorofa nne, madirisha membamba, na juu ya paa mnara wa mita thelathini. Mtu akitoka Singida aone taa yetu nyekundu kabla hajauona mji. Ukumbi wa mapokezi uwe mrefu: mgeni atembee hatua arobaini kutoka mlangoni mpaka mezani, na kila hatua ajione anapungua.

Chini ya ardhi nataka chumba kimoja cha kuvunjia watu miguu. Mwaka jana wameniibia betri kwenye minara ishirini na sita. Mita nne kwa tano, ukuta mnene, dirisha lisiwepo, mlango wa chuma unaofungukia nje, tailizi nyeupe sakafuni na ukutani hadi usawa wa kifua. Mtandao usishike humo. Babu zenu waliwatoza babu zetu Wanyamwezi hongo ya njia, hata ya maji ya kunywa, walipopita na mizigo kichwani. Sasa mtatujengea, na mtatandikwa humo humo.

Mimi mtani wako,
Wilbert Kapela


Dodoma, 15 Machi 2022

Kwa Wilbert Kapela, mpagazi uliyevaa viatu juzi,

Barua nimeipata. Nimeisomea ofisini kwa sauti na vijana wangu wamecheka mpaka mmoja kamwaga chai kwenye ramani ya shule. Kumbe kule Dar hawajakufundisha adabu.

Kazi naikubali. Mawe nitayatoa machimbo ya Chigongwe, ukumbi nitaurefusha, hatua arobaini na tano, maana nyie mmezoea kutembea. Mnara wa paani utahitaji nguzo nne zishuke moja kwa moja mpaka msingini, hapo usiniletee ubishi.

Na chumba cha kuvunjia miguu nakuchorea bila wasiwasi. Tena sakafu nitaiinamisha, ielekee kwenye tundu kubwa katikati, damu ya kipagazi isije ikaganda ukateleza mwenyewe. Ukimaliza kazi unamwaga ndoo mbili tu, kila kitu kinakwenda kwenye chemba ya majitaka nje. Nyie watu wa mizigo hamjui usafi, lazima tuwafikirie.

Ni mimi mtani wako, wewe uliyeshindwa kumlipa babu yangu hongo,
Ursula


Dar es Salaam, 2 Aprili 2022

Mgogo,

Michoro imefika na nimeipenda. Hatua arobaini na tano ziache.

Tundu la sakafuni ni wazo zuri, mimi lisingenijia. Liongeze upana. Naona umechora na matundu mawili ya hewa karibu na dari, yafute. Sauti hupita humo.

Anza kuchimba.

W. Kapela


Dodoma, 24 Novemba 2023

Mpagazi mwenye ghorofa,

Funguo hizi hapa, Ernest anazo kwenye bahasha ya pili. Jengo limesimama. Jana jioni nilipanda barabara ya Singida makusudi, nikageuza gari, na kweli taa nyekundu inaonekana kabla ya mji. Sijawahi kuchora kitu nikakiogopa kidogo na kukipenda vile.

Chumba chako nimekiandika Stoo ya Betri kwenye ramani, watu wa jiji wasije wakatuelewa vibaya. Nilimwambia fundi anifungie mlango nikiwa ndani, halafu nipige kelele na yeye apige nyundo ukutani. Hatukusikiana. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Tailizi nyeupe zilituishia, kwa hiyo pembeni mwa tundu kuna moja yenye ua la bluu. Ukiichukia ibandue.

Jambo moja la kazi. Betri zikichajiwa hutoa hewa mbaya, na chumba hakina pa kuitolea. Nimekuuliza mara mbili, hukujibu. Nimeacha hivyo kwa kuwa jengo ni lako.

Ursula


Zuzu, 19 Februari 2024

Kwa Msanifu U. Ndahani,

Habari za kazi. Mimi hunijui. Naitwa Joha, kwetu ni Kondoa, tunakaa Zuzu kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Kiswahili changu cha kuandika si kizuri, utanisamehe.

Mume wangu anaitwa Mbwana. Ni mlinzi wa mnara wa Kapela hapa Zuzu, mwaka wa sita huu. Jumatatu tarehe 5 asubuhi walikuja watu wanne na gari la kampuni, pamoja na mkuu wao wa ulinzi, Deusdedit. Wakasema betri nne zimeibiwa na Mbwana ndiye aliyefungua geti. Walimpiga teke la tumbo mbele ya binti yetu Mwanaidi, wakamtupa nyuma ya gari. Siku tatu sikujua yuko wapi. Alhamisi akaonekana kando ya reli. Miguu yote miwili imevunjwa chini ya magoti na meno ya mbele hana.

Kampuni imesema wananchi wenye hasira ndio waliompiga, na polisi wameandika hivyo hivyo. Dada, wananchi wa Zuzu ni majirani zangu. Hao ndio waliomleta nyumbani kwa toroli.

Mbwana anazungumza kwa shida, ila anasema alikuwa chini ya jengo la kampuni, kwenye chumba cheupe kisicho na dirisha. Polisi wanasema anaweweseka, makao makuu ni ofisi tu. Nilikwenda getini wakanisukuma. Pale nje bango la ujenzi bado limesimama, lina jina lako na sanduku lako la posta. Nikanakili mkononi kwa kalamu.

Nataka jibu la jambo moja. Chumba hicho kipo? Ukisema kipo, polisi wataandika upya, na mume wangu hatashitakiwa kwa wizi akiwa kitandani hospitali, Dodoma mjini.

Joha, mke wa Mbwana


Dodoma, 26 Februari 2024

Mdogo wangu Joha,

Pole sana. Barua yako imenihuzunisha.

Mimi nilichora jengo na kusimamia ujenzi, basi. Chini kuna stoo ya betri, kama ilivyo kwenye ramani zilizopitishwa na jiji. Mtu aliyeumia kichwa anaweza kuchanganya mahali na mahali. Hapo hospitali muulizieni Dokta Hilda, bingwa wa mifupa, mwambie nimekutuma mimi.

Ursula Ndahani


Dodoma, 26 Februari 2024

Wilbert,

Leo sina utani.

Nimepata barua ya mke wa mlinzi wako wa Zuzu. Anasema watu wako wamemvunja miguu mumewe ndani ya chumba cheupe. Nimemjibu kwamba hakuna chumba kama hicho. Nimemwandikia uongo kwa mkono huu, na tangu nimemaliza nimenawa mara tatu.

Nijibu kwa maneno ya kawaida. Betri ziko mle ndani au haziko?

Ursula


Dar es Salaam, 1 Machi 2024

Mgogo,

Betri zipo kwenye minara, mahali pake. Mle ndani hakujawahi kuingia hata moja.

Sasa unakasirika nini? Nilikuandikia tangu siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida hayo unayoyataka: chumba cha kuvunjia watu miguu. Nikakupa vipimo. Nikakwambia wezi wamenimaliza. Wewe ndiye uliyecheka, Ursula, mimi sikucheka. Nilipofuta matundu ya hewa nilikupa na sababu. Tundu la sakafuni ni lako, na Deusdedit anakusifu kila akimwaga ndoo yake. Anasema yule mama alifikiria kila kitu.

Mbwana ni wa saba. Wa kwanza alitaja wenzake wanne baada ya goti moja tu, na tangu wakati huo wizi umepungua. Serikali ingenichukua miaka kumi kufika hapo. Huyu wa Zuzu ni mkaidi, alishikilia hajui kitu. Huenda ni kweli hajui. Walinzi wengine wameshamwona, inatosha.

Barua zetu zipeleke unakotaka. Mtu yeyote wa nchi hii akizisoma ataona Mgogo na Mnyamwezi wanatupiana maneno, atacheka, atakurudishia. Hata hii.

Mikono yako itunze. Ndiyo inayochora.

Mtani wako,
Wilbert


Hospitali, Dodoma, 4 Machi 2024

Kwa Ursula Ndahani,

Usiniite mdogo wako.

Mguu wa kulia wameukata jana juu ya goti, ulikuwa umeoza. Mkono wake wa kushoto umefungwa kwa pingu kwenye kitanda, kwa sababu ni mshitakiwa. Hana mguu, na askari anakaa mlangoni asije akakimbia.

Nilimsomea barua yako. Akaomba maji, akasema niandike haya, na mimi nayaandika kama alivyoyasema.

Mlango ni wa chuma, unafungukia nje. Ukutani tailizi nyeupe zinafika kifuani, juu yake ni saruji. Walimlaza kifudifudi, wawili wakakaa mgongoni, wa tatu akawa anapiga kwa nondo. Walikuwa wanapumzika, wanaagiza chipsi, wanakula, wanaendelea. Deusdedit alipomkanyaga mdomo, meno yalitoka. Wakimwaga maji, maji yote yanakimbilia katikati kwenye tundu, na meno yalikwenda na maji. Pembeni mwa tundu kuna tailizi moja yenye ua la bluu. Siku tatu uso wake ulikuwa umelalia hapo. Anasema ua lina majani matano, moja halijaisha kuchorwa.

Sasa niambie, hilo ua nalo waliliweka wananchi wenye hasira?

Shuleni wanamwita Mwanaidi mtoto wa mwizi. Ijumaa kampiga mwenzake kwa jiwe, wamemrudisha nyumbani. Mbwana hana la kuniachia isipokuwa jina lake, na hilo nalo mnalichukua.

Kama utaendelea kusema uongo, sema. Pole yako usinitumie tena.

Joha


Dodoma, 14 Aprili 2024

Mama Mwanaidi,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, na sijauzoea.

Nimesikia Mbwana alifariki tarehe 20 Machi. Umenikataza pole, kwa hiyo naandika kile ulichoniuliza.

Chumba kipo. Nilikichora mimi. Kila kitu alichokuambia ni sahihi, hata lile jani. Nilijua hivyo tangu barua yako ya kwanza, na nilikudanganya kwa sababu niliogopa kufungwa.

Baada ya barua yako ya pili nilichukua fundi bomba wangu, Bartolomayo, tukaenda Iyumbu saa nne asubuhi. Maji ya chumba kile yanaingia kwenye chemba nyuma ya ukuta, nje ya uzio, najua kwa kuwa niliipanga mwenyewe. Tuliinua mfuniko. Chemba za namna hiyo huwa na shimo dogo chini ya bomba, mchanga na vitu vizito hubaki pale. Bartolomayo alichota kwa kopo, akamwaga kwenye gunia, akapekua. Yalikuwepo meno. Tulihesabu kumi na moja, akaacha kuhesabu. Ilikuwepo pia pete ya kike, nyembamba. Hilo sikuwa nimelitarajia. Nilikuwa nawawazia wanaume tu.

Deusdedit alitukuta hapo hapo na wenzake wanne. Walimpiga Bartolomayo kwa sepeto yake mwenyewe mpaka akanyamaza. Yu hai, sikio moja halisikii tena. Gunia wakalichukua. Halafu wakanipigisha magoti, mmoja akaulaza mkono wangu wa kulia kwenye ukingo wa chemba, na Deusdedit akaurudisha mfuniko mahali pake. Ni zege, kilo arobaini, nilizipima mimi. Akaunyanyua, akaurudisha tena. Akasema, "Mzee anakusalimia. Anasema hakutanii." Vidole vitatu wamevitoa hospitali. Nilikuwa jengo la pili kutoka wodi ya Mbwana, siku ile ile aliyokufa, na sikujua.

Nilipotoka nilipeleka polisi michoro na barua zote tulizoandikiana na Kapela, zake na nakala za zangu. Afisa aliyezipokea ni Msukuma, naye mtani wetu. Akafika kwenye ile ya damu ya kipagazi, akaangua kicheko, akamwita mwenzake aje asikie. Akanirudishia. Akaniambia, "Mama, hawa ni watani, huwezi kumshitaki mtu kwa utani." Kapela alishasema itakuwa hivi.

Sasa nimepata wakili, Dorothea. Ameweza kufikisha suala la kifo cha Mbwana kwa hakimu, litasikilizwa tarehe 6 Mei. Barua peke yake hazitoshi, anasema, lazima mtu asimame aape kwamba maneno yale yalijengwa. Mtu huyo ni mimi tu. Nikisimama, hakimu ataamuru chumba kikaguliwe, na mumeo hatabaki kwenye karatasi kama mwizi aliyeuawa na wananchi.

Ila kuna jambo hulijui, na afadhali ulisome kwangu.

Lile tundu Kapela hakuliomba. Aliponiandikia anataka chumba cha kuvunjia watu miguu, nilidhani ananitania, nami nikamrudishia: nitakuwekea tundu damu ipite. Ofisini tulicheka mpaka kijana mmoja akamwaga chai, nikaona nimemweza. Nikalichora. Aliposema liongezwe upana, nikaongeza, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuona kitu hakijakaa sawa. Hewa hakutaka, betri sikuziona. Nikasema moyoni, ah, Wanyamwezi hawa. Ilikuwa raha kutaniwa na tajiri. Siku ya kukabidhi nilisimama mle ndani, mlango umefungwa, nikacheka.

Dorothea anataka nieleze kwamba nililetewa maelekezo nikayafuata. Anasema habari ya tundu na kicheko niiache, nikiitaja nitatoka pale kama mshirika wao na naweza kufungwa nao. Nina watoto wawili. Sijui niseme ipi. Naona anayestahili kuulizwa ni wewe.

Ursula


Zuzu, 20 Aprili 2024

Kwa Ursula Ndahani,

Barua imefika. Nilimpa jirani anisomee mara ya pili, nikidhani nimekosea kusoma.

Mbwana tulimzika Kondoa. Waliomwosha walikuwa kaka zake. Walipotoka hawakuniangalia usoni, na wa mwisho alikwenda kukaa nyuma ya zizi hadi jioni. Kwenye maziko walikuja watani wetu kama kawaida, maana kwetu pia utani upo, unaujua. Wakamwigiza vile angetembea kama angepona, kwa magongo mawili. Hakuna aliyecheka, wakaacha wenyewe. Sijawahi kuona watani wakishindwa kazi yao msibani.

Kwa hiyo sikuulizi kwa nini ulicheka. Sisi wote tungecheka. Mimi ningekuwa ofisini kwako ile siku ya chai, ningecheka. Hilo ndilo linaloniumiza, maana nimetafuta mahali pa kukuchukia wewe peke yako nikakosa. Nakuchukia kwa ile barua yako ya Februari. Mume wangu alikuwa hai, ukamwita mtu aliyeumia kichwa. Hiyo sikusamehe na sitakusamehe, nawe usije ukaniomba.

Kuhusu kufungwa, fungwa. Una watoto wawili, watakuja kukuona Jumapili.

Wakili wako anataka useme uliagizwa. Ukisema hivyo, Kapela atasema alikuwa anatania, hakimu atacheka kama yule afisa, na kazi imekwisha. Nimelifikiria hili siku sita. Wenye barua ni wawili: kabla hajasema alitania, wewe uwe umeshakiri kwamba nawe ulidhani ni utani, na chumba kikajengwa hivyo hivyo. Ukilificha tundu, atalitoa yeye, na atalitoa akicheka. Litoe wewe kwanza. Sema ni lako. Sema na upana wake.

Tarehe 6 nitakuja na Mwanaidi. Ana miaka kumi na moja, nimeshamsomea barua zako zote. Tutakaa mbele, karibu kabisa, akuone mdomo. Ukifika ile siku ya kukabidhi funguo, uliposimama mle ndani mlango umefungwa, usiruke. Waambie ulicheka.

Joha, mjane wa Mbwana